Kibanda cha juisi nyuma ya Soko Kuu, Mtwara: maoni ya mteja mwenye meno yaliyolika

Nimekuwa mteja wa kibanda hiki mwaka wa nne sasa, na kwa miezi saba iliyopita nimekunywa pale kwa hesabu, nikiandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja kila nilichoagiza na meno yangu yalivyokipokea. Kipo nyuma ya Soko Kuu la Mtwara, upande wa wauza viungo, chini ya mwarobaini. Hakina bango. Uliza kwa mama wa juisi, mtoto yeyote wa pale sokoni atakupeleka. Ndani kuna meza tatu zenye vitambaa vya mpira, mabenchi, friji ya mlango wa kioo na mashine ya kukamua miwa ambayo mwezi wa kumi na moja, joto likipamba moto, hainyamazi tangu asubuhi.

Nakipa alama nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu nitakayoieleza.

Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu iko hatua chache kutoka hapo. Kazi zangu ni sare za shule Januari, vitenge vya unyago, na msimu wa korosho watu wakiwa na fedha, kila kitu kwa pamoja. Fundi yeyote anajua kwamba mkasi ukiwa mbali uzi hukatwa kwa meno. Mimi nimekata hivyo tangu nina miaka kumi na saba. Mwaka jana Oktoba, wateja wamejaa mlangoni, nilikata uzi wa nailoni na kipande cha jino la mbele kikabaki juu ya ulimi, kidogo kama punje ya mchanga. Hakikuuma hata kidogo. Kilichonitoa machozi ni maji ya friji niliyokunywa baada ya hapo.

Nilikwenda hospitali nikiamini jino limetoboka. Daktari wa meno, binti mdogo sawa na mwanangu wa kwanza, alinikagua kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mama, kutwa unakunywa nini?" Nilishangaa, maana nilitegemea aulize napiga mswaki mara ngapi. Nikamtajia. Alfajiri, kabla ya kutia chochote tumboni, maji ya uvuguvugu yaliyokamuliwa ndimu nzima. Nilikuwa na miaka miwili nayo, nikitaka kupunguza tumbo kama tulivyokuwa tukiambiana kina mama. Kuanzia saa tatu, chupa ya lita moja ya ukwaju kutoka kwa mama wa juisi, naiweka kando ya cherehani, nikimaliza pindo napiga funda, nikimaliza mkono wa gauni napiga funda. Jioni, soda mara mojamoja. Akauliza pia kama nina kiungulia, kwa sababu asidi ya tumbo ina ukali wa kushinda ndimu, na ikipanda usiku huyala meno ya juu kwa upande wa ndani. Sina.

Akanipa kioo, akaniambia nitazame kwa utulivu. Kingo za meno yangu ya mbele zilikuwa zinapitisha mwanga kama chupa. Karibu na fizi palikuwa na unjano ambao siku zote nilidhani ni uchafu na nikazidi kuusugua. Magego yalikuwa na vishimo kama vya kidole kwenye unga. Na lile gego nililozibwa miaka mingi iliyopita, zibo lilikuwa limesimama juu kuliko jino lenyewe, kama jiwe linavyobaki wazi pale Mikindani maji yakikupwa. Zibo halikuota. Jino lililolizunguka ndilo lililoshuka.

Enameli, ile ngozi nyeupe ya nje ya jino, ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Lakini haina chembe hai ndani yake, kwa hiyo ikishaondoka haioti tena. Ule unjano niliokuwa nausugua ni dentini, tabaka la chini, lililoanza kuonekana baada ya enameli kuwa nyembamba. Daktari akachora mstari wa kupimia asidi, wanaouita pH, nyuma ya kadi yangu ya kliniki, kutoka 0 hadi 14, akaweka 7 katikati, maji safi. Kisha akatia alama nzito kwenye 5.5. Kinywa kikishuka chini ya hapo, madini ya enameli huanza kuyeyuka. Akanitahadharisha kwamba namba zile si kama za rula ya fundi, kila hatua moja ya kushuka ni ukali mara kumi. Kinywaji cha 3 kina ukali mara mia ya kinywaji cha 5.

Nilimwuliza: mbona sina jino hata moja lililotoboka? Akasema hayo ni mambo mawili. Kutoboka kunaletwa na bakteria wanaokula sukari wakatoa asidi yao, sehemu moja, mpaka shimo. Kwangu hapakuwa na haja ya bakteria. Asidi ilikuja imeshatengenezwa, ndani ya glasi, ikapita juu ya meno yote.

Tangu siku hiyo mkasi mdogo unaning'inia shingoni kwangu kwa utepe, na kila ninapokaa kwenye benchi la mama wa juisi nina ile kadi kwenye mkoba. Sasa vinywaji.

Nianze na ukwaju, maana ndio uliompa mama jina. Anauloweka usiku, anauchuja mara mbili kwa kitambaa, anatia hiliki na tangawizi kidogo, hatii rangi. Glasi ndogo mia tano, kubwa elfu moja. Sijanywa ukwaju bora kuliko huu, Mtwara wala Lindi, na nasema hivyo nikijua ulivyonifanya. Asidi ya ukwaju inaitwa tartariki, na juisi yake huwa karibu na 3 au chini yake. Jambo lililonichelewesha kuelewa ni sukari. Nilidhani ukwaju uliotiwa sukari ya kutosha umepoa. Sukari inauficha ukali kwenye ulimi tu. Meno yanaupata uleule, na sukari yenyewe juu yake.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa lile funda. Mate ndiyo dawa ya kwanza ya kinywa: yanazimua asidi, na yana kalsiamu na fosfeti ambazo zinarudi kwenye enameli iliyolainika na kuikaza kabla haijabanduka. Kazi hiyo inahitaji muda, nusu saa hadi saa nzima. Kama ningekunywa ile lita yangu yote wakati wa chakula cha mchana, meno yangepigwa mara moja na mate yangepata jioni yote ya kutengeneza. Kwa kupiga funda kila nikimaliza pindo, sikuyapa nafasi hata mara moja. Miaka yote hiyo meno yangu yameloweka kwenye ukwaju kama ukwaju wenyewe ulivyolowekwa kwenye sufuria ya mama.

Siku hizi nakunywa glasi moja ndogo, pamoja na wali, kwa mrija niliouingiza nyuma ya meno ya mbele, baridi, bila kuisukutua mdomoni, naimaliza kwa dakika kumi. Kisha maji. Hivi meno hayanisumbui. Mrija unasaidia ukifika ndani. Ukiubana kwa midomo mbele ya meno unayamwagia tu.

Ubuyu wake una ukali wa kutosha pia, ingawa kwangu unapita vizuri kuliko ukwaju. Anachofanya Ijumaa ndicho kinachonileta: ubuyu wa maziwa, mzito, wa kunywa polepole. Maziwa yenyewe yako karibu na 6.7, juu ya ile alama ya daktari, na yanaleta kalsiamu na fosfeti. Asidi inapokuta kalsiamu nyingi ndani ya kinywaji chenyewe, inakuwa na hamu ndogo ya kuichukua kwenye jino. Nimekunywa ubuyu wa maziwa Ijumaa nane kwenye daftari langu, na hakuna hata moja niliyoandika ganzi.

Pasheni niliiandika ganzi mara tatu kwa tatu. Mara ya mwisho nilishindwa hata kuvuta hewa kwa mdomo wakati narudi nyumbani kwa bodaboda. Na hapa ndipo ile alama moja ilipokatika. Juisi ile ilikuwa kali kupita pasheni ya kawaida, nikamwuliza mama moja kwa moja. Hakunificha. Matunda yakiadimika, anaongeza ladha kwa ndimu ya unga, vile vipakiti vya wauza viungo. Ndimu ya unga ni asidi ya sitriki tupu. Hiyo, zaidi ya ukali wake, ina tabia ya kuishika kalsiamu na kuondoka nayo, kwa hiyo inaendelea kudhuru hata ukali ukianza kupungua. Simlaumu kwa biashara, tunda likiwa ghali sote tunajua. Ila mteja aambiwe. Aliye na meno mazima ataamua, na aliye kama mimi ataagiza kingine.

Embe bivu ni laini zaidi ya pasheni na nanasi, ingawa bado iko chini ya 5.5. Nanasi naliacha.

Juisi ya miwa watu wanaisifu kuwa haina asidi, na ni kweli muwa peke yake una asidi ndogo sana. Shida ni kwamba mashine inapozunguka, kijana anakunja muwa na ndani yake anaweka ndimu mbili na tangawizi. Mwambie kabla hajakunja, "ya kwangu bila ndimu." Tangawizi peke yake inatosha, na mimi naiona tamu zaidi. Kumbuka bado ni sukari tupu, na bakteria wanaisubiri.

Madafu yanaletwa na kijana wa baiskeli na kuegeshwa pembeni, elfu moja moja. Dafu lina asidi kidogo, karibu na 5, mbali sana na ukwaju. Mchana wa Desemba ndilo kinywaji changu.

Mabibo ni ya msimu, mvua za mwanzo zikikaribia na korosho zikiokotwa. Mama anakamua asubuhi na lazima yanywewe siku hiyohiyo, yakilala yanaanza kugeuka uraka, pombe ya mabibo. Watu wengi huku kwetu wanaokota korosho na kuacha bibo lioze chini ya mkorosho, na linanisikitisha hilo, kwa sababu lina vitamini C kuliko chungwa. Ule ukakasi unaokausha kinywa si asidi, ni tanini. Kwa ukali lenyewe ni la katikati, karibu na 4. Nakunywa glasi moja kwa wiki msimu ukiwepo, na nashukuru.

Chai. Nilitaka kuipita haraka, lakini ndiyo inayonisaidia kuliko chochote, basi nikae nayo kidogo. Chai ya rangi bila ndimu haili enameli. Ukali wake uko jirani na ile alama ya 5.5, na jani la chai lina floridi, madini yanayokaza enameli, kiasi chake. Itakupaka rangi, hilo kweli, na meno yaliyolika hupakika upesi. Ukikamulia ndimu umeibadilisha kabisa, na kwa kuwa ni ya moto umeongeza tena, kwa sababu asidi ya moto inakula upesi kuliko ya baridi. Hapo nikayakumbuka yale maji yangu ya uvuguvugu na ndimu. Nilidhani maji mengi yanaipoza. Ndimu moja ndani ya glasi nzima bado ni kama 3 hivi. Na nilikuwa nikishamaliza kunywa nachukua mswaki mgumu nasugua kwa nguvu, nijisikie safi, juu ya enameli iliyokuwa imetoka kulainishwa dakika ile. Miaka miwili, kila alfajiri. Nikilifikiria jambo hili moyo unaniuma, maana nilifanya kwa bidii na kwa nia njema, na mashoga zangu watatu niliwafundisha. Wawili nimewafuata nyumbani nikawaambia waache. Wa tatu yuko Nachingwea, nimempigia simu.

Chai ya maziwa ya mama ina hiliki na mdalasini, mia saba kikombe. Iagize bila sukari uitie mwenyewe.

Mtindi ulinishangaza. Ni mchachu, nikauogopa wiki za mwanzo. Daktari alinicheka kwa upole, akasema ukali wa mtindi ni kama 4, lakini umejaa kalsiamu na fosfeti kiasi kwamba hauna sababu ya kuchota madini kwenye jino. Uchachu wa ulimini haukuambii kila kitu. Mtindi wa hapa unatoka kwa mfugaji wa Naliendele, mzito, unakaa kwenye kata. Hauna sukari wala rangi.

Soda na vile vinywaji vya kuongeza nguvu viko kwenye friji, sijavinunua tangu Oktoba. Kola ni kama 2.5. Ile isiyo na sukari inawanyima bakteria chakula, lakini asidi yake imebaki.

Huduma ni ya haraka, glasi zinaoshwa kwa maji ya moto, mrija ukiomba unapewa. Mwezi wa Ramadhani anaweka meza za futari magharibi, na hapo nina neno kwa wanaofunga kama mimi. Mtu aliyeshinda na swaumu kinywa kimekauka, mate ni machache, na funda la kwanza la ukwaju baridi linakuta meno hayana mlinzi. Anza na tende na maji kama ilivyo desturi, kunywa uji, mate yarudi, kisha juisi na chakula. Mama mwenyewe sasa anaweka maji mbele kabla ya jagi la juisi.

Hakufika hapo kwa urahisi. Nilipomwonyesha ile kadi mara ya kwanza alisema, "Fundi, ukiwasomea wateja hayo mimi nitauza nini?" Nikamwambia mama, mimi mwenyewe bado nanunua kwako, angalia nimekaa hapa. Akanyamaza, akaendelea na kazi. Nikaona nimemkwaza, na siku mbili sikwenda.

Siku ya tatu alimtuma mjukuu wake kuniita. Kumbe kuna mdogo, wa mwaka na miezi minane, anayelala pale chini ya meza kwenye mkeka mchana. Analala na chupa ya kunyonya yenye juisi ya ubuyu, ndivyo anavyotulia. Mama alimpanua mdomo anionyeshe. Meno manne ya juu ya mbele yalikuwa mafupi, ya njano, kingo zimemong'onyoka. "Na haya ni hayo ya kwenye kadi yako?" Mimi si daktari, sikumjibu hivyo. Nilimwambia ninachokijua: enameli ya meno ya utotoni ni nyembamba kuliko yetu, na mtu akilala mate hupungua sana, kwa hiyo juisi iliyobaki mdomoni inakaa pale pale mpaka aamke. Nikamwambia ampeleke kliniki ya kinywa na meno kesho yake, asingoje yadondoke yenyewe, kwa sababu meno ya ukubwani yaliyo ndani ya fizi yanatafuta njia kwa kuyafuata haya ya utotoni. Akalia. Nikashika glasi nikamwoshea vyombo mpaka akatulia.

Alikwenda. Mtoto alipakwa dawa ya floridi, na sasa chupa ya kulalia ni ya maji. Wiki ya kwanza alilia kila mchana, soko zima tulimsikia.

Baada ya hapo ndipo yalipotokea majagi. Kila meza ina jagi la maji ya kuchemsha lenye mfuniko, bure, na mteja akimaliza juisi anamiminiwa bila kuomba. Wengi wanadhani ni ukarimu tu, na ni ukarimu kweli.

Kuhusu mimi, jino la mbele limejazwa, na yote yalipakwa floridi. Kilichokwenda kimekwenda. Ila ganzi imepungua kiasi kwamba naweza kunywa maji ya friji kwa upande wa kulia. Napiga mswaki laini kabla ya kifungua kinywa badala ya baada yake, na dawa yenye floridi ambayo ubavuni mwa boksi imeandikwa kati ya 1000 na 1500 ppm, yaani kipimo cha floridi. Natema povu, sisukutui. Mkaa na majivu nimeachana navyo, vinakwangua.

Kibanda kinafunguliwa saa mbili asubuhi mpaka jua lizame, Ijumaa kinafungwa wakati wa swala, Jumapili hakuna. Mtindi ukifika saa tano umekwisha. Ukitaka pasheni, muulize mama kama leo ni tunda tupu. Siku hizi anasema mwenyewe kabla hujauliza.